Kisu cha Bwana Wirkkala

Usiku wangu wa kwanza wa kuosha vyombo Helsinki nilisugua glasi moja dakika nzima. Ilikuwa jikoni mwa mgahawa, chini ya ardhi, na mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye deni la kodi ya chumba. Glasi ile ilikuwa na matone upande wa nje, mazito zaidi huko chini, kana kwamba mtu ameichovya majini ikaganda kabla maji hayajamaliza kuchuruzika. Nikasugua. Matone yakabaki. Nikageuza sponji upande wake mkavu.

Mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi pembeni akanitazama hadi akashindwa kuvumilia. "Acha kijana," akasema. "Huo si uchafu. Hiyo ni Wirkkala."

Nikamuuliza kama Wirkkala ni jina la kampuni. Akasema ni mtu, tena akaanza kunihesabia kwa kisu cha viazi: glasi unayoiumiza ni ya Wirkkala, kisu cha baba yangu cha kuvulia samaki kilikuwa cha Wirkkala, na noti tulizotumwa nazo dukani nilipokuwa mtoto zilikuwa za Wirkkala. Kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Nilirudi chumbani nikiwa na swali ambalo halikuwa la Ufini peke yake. Mimi nimekulia Tanga, mtoto wa fundi. Baba yangu ni seremala kwa jina, lakini ukifika kibandani kwake utakuta redio imefunguliwa tumbo, pampu ya kisima inasubiri mpira mpya, na kabati la harusi limeegemea ukuta halina milango. Shuleni tulifundishwa kwamba mshika mbili moja humponyoka, nami nilijua vizuri walimu walikuwa wakimsema nani. Na sasa, huko ughaibuni, mimi mwenyewe nilikuwa nimekuja kusomea uhandisi wa maji, ila kila Jumanne jioni nilikwenda kwenye darasa la useremala la watu wazima bila kumwambia yeyote. Msimamizi wangu wa masomo alipogundua, aliniambia kwa upole wa Kifini, yaani kwa maneno manne, kwamba mtu inabidi achague.

Nikaanza kumsoma Tapio Wirkkala. Nakiri sikuanza kwa kupenda sanaa. Nilikuwa natafuta shahidi.

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1915 katika mji wa bandari wa Hanko, wakati Ufini bado iko chini ya mfalme wa Urusi. Alisomea uchongaji wa mapambo Helsinki, kuanzia 1933 hadi 1936, katika chuo cha sanaa za viwandani. Baada ya hapo akafanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara. Sehemu hii wasifu wake huipita haraka, nami naona ni makosa. Kijana aliyefundishwa kuchonga, akipata riziki kwa kuchora matangazo, tayari ameshaanza kushika mbili.

Kisha vita. Tarehe 30 Novemba 1939 Muungano wa Kisovieti uliivamia Ufini, na ukiondoa mapumziko mafupi nchi ile ilikuwa vitani mpaka 1944. Wirkkala alikwenda mstari wa mbele kama vijana wa rika lake. Amani ilipokuja ilikuja na bili. Ufini ilipoteza jimbo la Karelia, watu zaidi ya laki nne wakahamishwa na kutafutiwa makazi, na Moscow ikadai fidia ya dola milioni 300, ilipwe kwa bidhaa: meli, mashine, nyaya. Bidhaa za mwisho za fidia zilipelekwa 1952. Ukitaka kuelewa kwa nini mbunifu mmoja wa Ufini aligusa vitu vingi hivyo, anzia hapo. Nchi ilikuwa na misitu, ilikuwa na tanuri chache za vioo, na ilikuwa na mafundi. Vingine ilibidi kusubiri.

Mwaka 1946 kiwanda cha vioo cha Iittala, kilichoanzishwa 1881 katika kijiji chenye jina hilohilo, kilitangaza shindano la kubuni vyombo. Wirkkala alikuwa mchongaji, si mtu wa vioo. Akashinda nafasi ya kwanza, akiigawana na Kaj Franck. Hili jina la Franck lishike, tutalirudia.

Kutokana na miaka hiyo ndiyo tuna chombo kiitwacho Kantarelli. Ni jina la uyoga wa njano ambao Wafini huuokota msituni mwishoni mwa kiangazi na kuukaanga kwa siagi. Chombo kimeinuka kutoka kwenye shina jembamba, kikapanuka, ukingo wake ukajikunja kama sikio. Juu ya kioo kuna mistari mia kidogo isiyo na unene wa uzi, inayoanzia chini ikiwa imebanana na kutawanyika kadiri inavyopanda, kama ile mistari ya chini ya kofia ya uyoga wa kweli. Nilipokiona mara ya kwanza nilijikuta nimeshika mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa dukani.

Lakini kioo hakichongwi kama mti. Mpulizaji huchota kioo cha moto kutoka kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 kwa bomba refu la chuma, akakipuliza na kukizungusha bila kukoma, kwa sababu akisimama tu kinaning'inia kama uji. Kalibu za mbao huloweshwa maji kwanza. Kioo kikiingia, maji yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaokaa katikati ya moto na mti ili visigusane. Ni kazi ya watu wanaopokezana, na kila mmoja ana sekunde zake. Wirkkala alikwenda kukaa nao. Hakuna namna nyingine ya kueleza jinsi mchongaji alivyojifunza upesi hivyo kile ambacho kioo kinakubali na kile kinachokataa.

Kwangu mimi, hata hivyo, Wirkkala yuko hasa kwenye mbao. Plaiwudi sote tunaijua. Ni mbao ya masikini, ya dari na ya mlango wa choo, na baba yangu huitaja kwa sauti ile anayotumia kumtaja shemeji asiyelipa madeni. Imetengenezwa kwa karatasi nyembamba za mti zilizogandishwa kwa gundi, moja juu ya nyingine, na kila fundi hujitahidi kuficha kingo zake, maana pale kwenye kingo ndipo matabaka yanapoonekana na ubei rahisi unapojulikana. Wirkkala alizitaka kingo hizo. Alitumia bonge la karatasi nyembamba za mti wa betula, ule wenye gamba jeupe, zilizopangwa na kugandishwa kwa ajili yake. Kisha bonge likachongwa. Kila patasi iliposhuka ilikata matabaka kwa mshazari, na kila tabaka likatoa mstari wake. Ukichonga bonde, mistari inazunguka bonde. Ukichonga mgongo, inapanda mgongo. Ni kama ramani ya milima, isipokuwa hapa mlima wenyewe ndio unaojichora.

Kwa njia hiyo alitengeneza sahani zenye umbo la jani, ambazo karakana ya Soinne et Kni ya Helsinki ilizizalisha. Mishipa ya jani haikuchorwa popote, ilikuwemo ndani ya mbao tangu mwanzo. Mwaka 1951 jarida la Kimarekani la House Beautiful lilichagua sahani hiyo kuwa kitu kizuri kuliko vyote vya mwaka. Sahani ya plaiwudi! Nilimsomea baba habari hii kwenye simu. Kimya kikapita, kisha akauliza, "Gundi gani?"

Mwaka huohuo yalifanyika maonyesho ya Triennale mjini Milano, mahali ambapo nchi za Ulaya zilikwenda kuonyeshana nani bado anaweza kutengeneza kitu baada ya vita. Wirkkala alipanga ukumbi wa Ufini mwenyewe, akaondoka na tuzo kuu tatu: moja kwa vioo, moja kwa mbao, na ya tatu kwa ule ukumbi. Mwaka 1954 akarudi akachukua tatu nyingine. Magazeti ya kwao yaliandika juu ya muujiza wa Milano, na usishangae: nchi iliyokuwa bado inalipa fidia ilikuwa imepata kitu cha kujivunia kisichopelekwa Moscow kwa meli.

Kuanzia hapo orodha inakimbia. Noti za benki kuu za mwaka 1955 ni zake, na Ufini ilipobadili fedha mwaka 1963, markka 100 za zamani zikawa moja mpya, sura ile iliendelea mifukoni mwa watu. Kati ya 1955 na 1956 alifanya kazi New York kwa Raymond Loewy, yule aliyebuni vichwa vya treni na kuipa pakiti ya sigara za Lucky Strike sura mpya. Akatoka huko akaanza kushirikiana na kampuni ya Rosenthal ya Ujerumani, akatengeneza kauri. Alitengeneza vyombo vya fedha. Alibuni hata balbu za umeme za kampuni ya Airam. Huko Murano, kisiwa cha wapuliza kioo cha Venisi, alifanya kazi na Venini. Mafundi wa pale wana ujuzi wa kuunganisha vipande viwili vya kioo vya rangi tofauti vikiwa bado moto, naye, aliyezoeleka kwa kioo cheupe kama barafu, akabuni chupa ziitwazo Bolle zenye mikanda ya rangi. Yaani alipofika kwa watu, alicheza ngoma yao.

Hapa nilikaribia kufunga jalada. Shahidi wangu nilishampata: mtu alishika kumi na hakuna lililomponyoka. Tatizo ni kwamba kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba hakushika kumi. Alishika kimoja.

Wafini wana kisu kiitwacho puukko. Ni kifupi, kina bapa moja lililonyooka, na hukaa kiunoni ndani ya ala ya ngozi. Mvuvi anacho, mkata miti anacho, na hata mhasibu anacho kwenye nyumba yake ya kiangazi. Wirkkala alichonga mifano ya kazi zake kwa mkono wake mwenyewe. Kabla kitu hakijawa kauri kilikuwa mti au plasta mkononi mwake. Kabla hakijawa fedha, vilevile. Michoro ilikuwepo, lakini uamuzi ulifanywa pale kisu kinapokutana na kitu kigumu. Ndiyo maana ukiweka kijiko chake, ndege wake wa mbao na chupa yake mezani, unajua ni ndugu hata kama huwezi kusema wanafanana nini. Mwaka 1961 alibuni puukko yenyewe kwa kampuni ya Hackman. Bapa ni la chuma kisichoshika kutu, pete ni ya shaba ya njano, mpini ni wa nailoni nyeusi. Kwa muda mrefu nilidhani ni kazi yake moja kati ya nyingi. Siku hizi naona kama ametengeneza picha ya mkono wake.

Kila kiangazi familia ilikwenda Inari, kaskazini kabisa, nchi ya Wasami, ambako jua la Juni halizami na barafu ya ziwa huchelewa kuondoka. Mwaka 1960 alitoa bakuli la kioo aliloliita Barafu ya Paadar, kwa jina la ziwa la huko. Halafu mwaka 1968 ikatoka seria ya Ultima Thule, jina ambalo watu wa kale waliupa mwisho wa dunia upande wa kaskazini. Hiyo ndiyo glasi niliyoisugua.

Ili kupata yale matone, Wirkkala alichonga kalibu za grafiti, kitu kilekile cheusi kilicho ndani ya penseli, kwa mkono. Fikiri kidogo kuhusu kazi hiyo. Kwenye kalibu kila kitu kiko kinyume. Anapotaka tone litokeze, lazima achimbe. Anapotaka kioo kiingie ndani, lazima aache. Na hata akichimba sawasawa, kioo hakitakubali mara moja. Zilihitajika saa maelfu za majaribio kabla wapulizaji wa Iittala hawajapata namna ya kuipa glasi ile sura ya barafu inayoyeyuka. Mwaka 1969 shirika la ndege la Finnair lilipoanza safari za New York, abiria walinywea humo. Mwaka 1970 ikafuata chupa ya vodka ya Finlandia, nayo na ngozi ya barafu. Inawezekana hujawahi kusikia jina la Wirkkala, lakini ukiwahi kupita duka la uwanja wa ndege enzi za chupa ile, umeshamwona.

Saa maelfu, nimesema. Za nani?

Swali hili lilinijia kwenye makumbusho ya EMMA, mjini Espoo, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha uchapaji. Tangu 2017 kuna chumba kilichopangwa kama ghala la wazi, na humo kazi za Wirkkala zimekaa pamoja na za mke wake, Rut Bryk. Nilikuwa nimemwona Bryk kwenye vitabu kama jina la pembeni, "mkewe, pia msanii." Pale ghalani nilisimama mbele ya vigae vyake nikaona haya kwa niaba ya vitabu. Aliingia kiwanda cha kauri cha Arabia mwaka 1942, kabla mumewe hajagusa kioo. Mwaka 1951 naye alipata tuzo kuu Milano. Kazi zake za mwanzo ni za ndege, vipepeo na watu. Za baadaye ni vigae vidogo mamia kwa mamia, vilivyopandishwa na kushushwa mpaka ukuta unakuwa ardhi inayotazamwa kutoka angani. Ile ya barafu inayotiririka, iliyowekwa katika makazi ya rais huko Mäntyniemi, aliikamilisha baada ya kufiwa na mume mwaka 1985. Yeye hakurukaruka sana. Alishika udongo, akaendelea kuuchimba mpaka uzeeni. Kwa hiyo ghala lile lilikuwa limenipa mashahidi wawili, na walikuwa wameoana.

Na jina? Chini ya vyombo vya kisanaa vya Iittala, ukiinama, utakuta limechorwa kwa sindano: Tapio Wirkkala. La mpulizaji halimo. Kaj Franck, yule waliyegawana ushindi wa 1946, alilikamata jambo hili katika miaka ya 1960. Alisema hadharani kwamba vyombo vya kila siku visiuzwe kwa jina la mbunifu, kwa kuwa hakuna kikombe kinachotengenezwa na mtu mmoja. Hakusikilizwa sana. Viwanda vilikuwa vimegundua kwamba jina linauza. Mimi nampenda Wirkkala, lakini hapa nasimama na Franck, na sababu yangu si ya kisomi. Kwetu baba yangu hana jina. Ni "fundi". "Fundi upo?" "Mpeleke kwa fundi." Nusu ya milango ya mtaa wetu imetoka mkononi mwake, na hakuna hata mmoja ulioandikwa chochote. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni kwa sababu anafanya mengi mno. Kumbe mpulizaji wa Iittala alifanya jambo moja maisha yake yote, akalifanya kwa ustadi wa kutisha, naye akaitwa fundi tu.

Kwa msimamizi wangu nilirudi nikamwambia nitamaliza uhandisi, na Jumanne zangu nitabaki nazo. Akaitikia kwa neno moja. Sijui lilikuwa na maana gani, Kifini changu kilikuwa bado kidogo.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nilipata puukko ya Wirkkala kwenye soko la vitu vya mitumba, ala imechakaa, bapa limenolewa mara nyingi mpaka limepungua upana. Nilitoa pesa za wiki mbili za vyombo. Jioni nikampigia baba kwa video, nikakiweka karibu na kamera. Akaniambia kigeuze. Nikageuza. Kisogeze taa. Nikasogeza.

"Mpini huo ni plastiki?"

Nikamwambia ni nailoni. Nikaanza kumweleza habari za Milano na tuzo, akanikatiza kwa mkono, anataka kuona pale bapa linapoingia kwenye pete ya shaba. Nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Hauozi," akasema. "Ukiparua samaki unausuuza tu. Huyo mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakosa pa kuanzia.

"Haya," akasema baba. "Ukija, njoo nacho. Nina mbao hapa nataka nikijaribu."